Ramones, Sex Pistols, The Clash au Bad Brains: uanze na albamu ipi ya panki?

Wengi wetu neno panki tulilipokea kwa kinyozi: pembeni kumenyolewa, katikati nywele zimesimama kama shungi la jogoo. Muziki uliozaa mtindo huo haujulikani sana kwetu, na anayeujaribu mara nyingi huangukia albamu isiyomfaa, akaona ni kelele, akafunga.

Ukitaka kuuelewa haraka, chukua wimbo wa dansi wa dakika nane. Toa utangulizi, toa beti za taratibu, toa solo. Bakiza sebene peke yake, kisha ikate kabla watu hawajatoka jasho. Hiyo ndiyo panki. Nguvu yake inatokana na kilichotolewa, na kila albamu kati ya hizi nne imetoa kitu chake. Ndiyo sababu mtu anaweza kuipenda moja hadi akaiweka mlio wa simu, na nyingine ikamkera.

Kwa mwenye haraka

Hujawahi kusikiliza panki hata siku moja? Anza na Ramones. Umekulia kwenye rege? Nenda moja kwa moja kwa The Clash, na hakikisha ni toleo la Uingereza. Unatoka kwenye roki nzito ya magitaa? Sex Pistols watakupokea vizuri. Bad Brains ni ya mtu ambaye ameshazimaliza hizo na bado anadai moto uongezwe.

Tungelazimishwa kubaki na moja tu, tungechukua The Clash. Ramones inashika haraka zaidi, ila The Clash ina vyumba vingi ndani yake; mwezi wa tatu bado unakuta mlango ambao hukuufungua.

| | Ramones | The Clash | Sex Pistols | Bad Brains |
|---|---|---|---|---|
| Ilitoka | Aprili 1976 | Aprili 1977 | Oktoba 1977 | Februari 1982 |
| Nyimbo | 14 | 14 (Uingereza), 15 (Marekani) | 12 | 15 |
| Urefu | dakika 29 | dakika 35 (Uingereza) | dakika 39 kasoro | dakika 34 hivi |
| Ilirekodiwa | New York | London | London | New York |
| Kasi | kubwa, haibadiliki | inabadilika | ya wastani | kubwa mno, kisha rege |

Ramones: besi kushoto, gitaa kulia

Albamu hii, inayobeba jina la bendi yenyewe, ilirekodiwa Februari 1976 katika studio ya Plaza Sound, ndani ya jengo la Radio City Music Hall. Kazi ilikula kama wiki moja na dola 6,400. Prodyuza Craig Leon aliigawa sauti kama zilivyogawanywa santuri za stereo za mwanzoni mwa miaka ya 1960: besi ya Dee Dee yote chaneli ya kushoto, gitaa la Johnny lote kulia, dramu za Tommy na sauti ya Joey katikati.

Hapa ndipo wasikilizaji wa simu wanapoponzeka. Mtu anavaa spika moja ya sikio, nyingine inaning'inia kifuani ili asikie konda akimwita. Kama aliyovaa ni ya kushoto, anasikiliza bendi isiyo na gitaa. Kama ni ya kulia, besi hana. Halafu anasema hii albamu imerekodiwa ovyo.

Ifanye makusudi, mara moja, ili uelewe. Weka wimbo wa kwanza, "Blitzkrieg Bop", ukiwa umevaa zote mbili. Unasikia ule wito wa kuitikiana kama wa jukwaa la mashabiki uwanjani, kisha gitaa linarudi. Vua ya kulia: gitaa linakatika kama umeme, inabaki besi ikikimbia na dramu. Irudishe, vua ya kushoto. Sasa besi haipo, umebaki na gitaa la Johnny, dramu na sauti, na kwenye gitaa unachosikia ni mkono mmoja usiopumzika. Wimbo unakwenda midundo 175 hivi kwa dakika, na kila mdundo anaugonga mara mbili, yote mapigo ya kwenda chini. Ni karibu mapigo sita kwa sekunde. Kwa lugha ya bendi zetu, hii ni bendi yenye gitaa la rithimu na besi, mpiga solo hakuajiriwa.

Hakuna wimbo unaofikisha dakika tatu. "Judy Is a Punk" unaisha kwenye dakika moja na nusu, na ndani ya muda huo umeshapata beti na kiitikio cha kutosha kukuganda kichwani siku nzima. Chini ya fujo hii kuna nyimbo za kupendeza za vijana wa miaka ya 1960, zimevuliwa koti tu. Sikiliza "I Wanna Be Your Boyfriend" utaliona hilo wazi.

Udhaifu wake ni huo huo ulio nguvu yake: inafanana mwanzo mwisho. Ukifika wimbo wa tisa sikio limeshazoea na halishtuki tena. Tiba ni kuisikiliza kama santuri, saba kwa saba. Upande wa kwanza unaishia "I Don't Wanna Go Down to the Basement". Simama hapo, chemsha chai, rudi.

Jambo jingine la kujua kabla hujaiweka sebuleni: wimbo wa mwisho unachezea lugha ya Wanazi kwa mzaha mchungu. Joey na Tommy wote walitoka familia za Kiyahudi, kwa hiyo mzaha ulijua unamgusa nani, lakini asiyejua hilo anaweza kushangaa. Na kuna wimbo wa kunusa gundi. Watoto wakiwa karibu, chagua.

Kama kifaa chako ni spika moja ya bluetooth, tafuta toleo la miaka 40 lililotoka 2016. Ndani yake kuna mchanganyo wa mono ambao Craig Leon mwenyewe aliusimamia, gitaa na besi zikiwa pamoja katikati. Kwa spika ya aina hiyo ndio unaofaa. Kwa hedifoni, baki na stereo ya awali.

Albamu ilipotoka iliishia nafasi ya 111 kwenye chati ya Billboard. Cheti cha dhahabu Marekani ilikipata 2014, miaka 38 baadaye. Aliyesubiri alikula mbivu, ingawa watatu kati ya wanne walikuwa wameshafariki, na Tommy akawafuata mwaka huo huo.

Sex Pistols: ukuta wa magitaa

"Never Mind the Bollocks, Here's the Sex Pistols" ndiyo albamu pekee ya studio ya bendi hii, na ndiyo inayodanganya zaidi kati ya hizi nne. Watu wanaambiwa ni mbichi, ni vurugu, ni vijana wasiojua kupiga. Wakiiweka wanakuta sauti nene, iliyopangwa, safi kuliko walivyotarajia.

Sababu ni mbili. Ya kwanza ni prodyuza Chris Thomas, mtu aliyekuwa ameshasimamia mchanganyo wa "The Dark Side of the Moon" ya Pink Floyd. Na mwimbaji wa Pistols, Johnny Rotten, ndiye yule aliyejulikana kwa fulana iliyoandikwa kwamba anawachukia Pink Floyd. Ya pili ni Steve Jones. Gitaa lake lilirekodiwa tabaka juu ya tabaka, kisha sehemu kubwa ya besi akaipiga yeye mwenyewe, akifuata noti zile zile za msingi za gitaa, chini zaidi. Kwa kawaida besi hutembea njia yake na gitaa njia yake, ndipo unapata nafasi katikati yao. Hapa vyote vinakanyaga hatua moja, na matokeo yake ni ukuta. Sid Vicious, mpiga besi wa bendi ambaye sura yake ndiyo iko kwenye fulana za mashabiki, karibu hasikiki humu. Glen Matlock, aliyetolewa kwenye bendi kabla yake, ndiye anayepiga besi kwenye "Anarchy in the U.K.".

Kasi pia inashangaza. "Anarchy in the U.K." haifiki midundo 140 kwa dakika. Ukitoka Ramones utaona kama mtu amekanyaga breki. Msukumo unatoka kwenye uzito wa magitaa na kwenye koo la Rotten, ambaye haimbi kama anavyosuta: anavuta irabu, anazungusha "r", kila neno linatoka na dharau. Hata usipoelewa Kiingereza cha mitaa ya London, utajua kuna mtu anasemwa. Waliozoea mipasho ya taarab watamwelewa upesi.

Kuhusu jina: "bollocks" ni neno la mtaani la korodani, na pia hutumika kumaanisha upuuzi. Meneja wa duka la Virgin mjini Nottingham alishtakiwa kwa kuliweka dirishani, chini ya sheria ya 1889 ya matangazo machafu. Kesi ilisikilizwa Novemba 1977. Upande wa utetezi ulimleta James Kinsley, profesa wa Kiingereza wa chuo kikuu cha Nottingham, akaieleza mahakama historia ya neno hilo, pamoja na kwamba kuna wakati lilitumika kumtaja kasisi. Meneja aliachiwa. Wakati huo albamu ilikuwa imeshafika namba moja Uingereza.

Inapoharibika: kwenye spika ndogo ya simu. Ukuta wote uko kwenye sauti za kati, ambazo spika ya simu huzisukuma mbele kuliko zote, na badala ya magitaa unapata mlio wa mchanga kwenye bati. Albamu hii inataka spika yenye kifua.

Ukiona imepigwa pasi kupita kiasi, tafuta "Spunk", mkusanyo wa rekodi za majaribio uliovuja na kuuzwa kwa magendo muda mfupi kabla ya albamu rasmi. Nyimbo karibu zile zile, tabaka chache, makosa yameachwa. Wapo wanaoapa kwamba hiyo ndiyo albamu yenyewe. Sisi hatufiki huko; bila ule ukuta, Rotten anabaki akipiga kelele uwanjani peke yake.

Kwa anayekusanya santuri: nakala za kwanza kabisa za Uingereza zilikuwa na nyimbo 11, na "Submission" ukaja kwenye santuri ndogo ya upande mmoja ndani ya jalada, pamoja na bango. Muuzaji akikutajia bei ya nakala hiyo, omba kuona vyote vitatu. Santuri bila bango wala ile ndogo haistahili bei hiyo. Jalada la Uingereza ni la manjano. La Marekani ni la waridi.

Na kituko kimoja cha pembeni. Mwaka huo wa 1977, wakati Pistols wakirekodi Wessex Studios, chumba kingine cha jengo hilo walikuwamo Queen, wakitengeneza albamu yao. Kwa hiyo mtoto wa Unguja, Freddie Mercury, alikuwa ukuta mmoja na watu waliotangaza kwamba muziki wa aina yake umekwisha.

The Clash: panki iliyofungua mlango

Mara nyingi hii ndiyo tunayoipendekeza kwa msikilizaji wa Afrika Mashariki, na sababu iko kwenye wimbo mmoja: "Police and Thieves". Ni wimbo wa Junior Murvin wa 1976, uliotengenezwa Jamaika na Lee "Scratch" Perry. Murvin anaimba kwa sauti nyembamba ya juu, laini kama anabembeleza mtoto, huku maneno yakizungumzia polisi na wezi wanaotisha mitaa. The Clash waliurefusha hadi dakika sita, kwenye albamu ambayo nyimbo nyingi ni za dakika mbili mbili.

Sikiliza wa Murvin kwanza, kisha huu. Bendi yoyote ya Kizungu ingeiga ule mchapo wa rege wa gitaa unaoangukia katikati ya midundo. The Clash waliugawa: gitaa moja linapiga juu ya mdundo, jingine linajibu katikati yake. Ukikaza sikio utasikia yanasukumana, kama watu wawili wanaobeba kabati kwenye ngazi. Haikuwa rege safi, na hawakujifanya kuwa ni rege. Vijana wa magharibi ya London walikuwa wakiishi na Wajamaika mtaa kwa mtaa, na ghasia za kanivali ya Notting Hill za Agosti 1976 zimo ndani ya albamu hii, kuanzia "White Riot" hadi picha ya polisi iliyo nyuma ya jalada.

Ilirekodiwa Februari 1977 katika studio za CBS mtaa wa Whitfield, wikendi tatu, kwa gharama ya pauni 4,000. Aliyewekwa kuwa prodyuza ni Mickey Foote, fundi wao wa sauti za jukwaani. Unasikia hilo mara moja: sauti ni kavu, juu kali, chini nyembamba. Gitaa la Telecaster la Joe Strummer, mwimbaji wao, linakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Hapa ndipo wengi wanapoongeza besi kwenye ikwalaiza, na ndipo wanapoiharibu. Besi nzito haikurekodiwa. Ukiiongeza kwa nguvu unachovuta ni ngurumo ya dramu, na maneno yanazama. Acha ikwalaiza ibaki bapa. Kama ni lazima uguse kitu, punguza kidogo sauti za juu kabisa, basi.

Sasa suala la matoleo, ambalo ndilo linalowachanganya wengi. Kampuni ya Marekani iliona albamu haifai redio, ikaikataa. Wamarekani wakanunua ya kuagizwa kutoka ng'ambo, zaidi ya nakala 100,000. Julai 1979 kampuni ikasalimu amri ikatoa toleo lake, lakini ikalikata: "Deny", "Cheat", "Protex Blue" na "48 Hours" zikatolewa, "White Riot" ukabadilishwa kwa rekodi nyingine, na zikaingizwa nyimbo tano zilizotoka baadaye, zikiwamo "Complete Control" na "(White Man) In Hammersmith Palais".

Njia rahisi ya kuyatofautisha ni wimbo wa kwanza. Ukianza na "Janie Jones", hilo ni toleo la Uingereza. Ukianza na "Clash City Rockers", ni la Marekani.

Lipi bora? Ukihesabu nyimbo moja moja, la Marekani lina nyimbo kali zaidi. "Complete Control" pekee inaweza kukununulisha. Lakini nyimbo hizo zilirekodiwa katika nyakati tofauti, nyingine na mpiga dramu mwingine, Topper Headon, aliyekuja baada ya Terry Chimes kuondoka. Sauti inapanda na kushuka kutoka wimbo hadi wimbo. La Uingereza ni pumzi moja. Chukua la Uingereza, kisha hizo tano zitafute peke yake.

Udhaifu: Strummer anameza maneno. Bila kuyasoma pembeni, nusu ya ujumbe inakupita, hata kama Kiingereza chako ni kizuri.

Bad Brains: kanda ya njano

Miaka mitano mbele, na mambo yamebadilika. Bad Brains walikuwa vijana weusi wa Washington waliokuwa wakipiga jazi ya kisasa kabla hawajaigeukia panki, wakajiita jina la wimbo wa Ramones, kisha wakaingia Urasta. Albamu yao ya kwanza ilitoka Februari 1982 kama kanda ya kaseti tu, kupitia ROIR, kampuni ya New York iliyokuwa ikitoa kaseti peke yake. Jalada ni la manjano, radi inapasua kuba la bunge la Marekani.

Tofauti na zile tatu ni kwamba hawa ni mafundi. Ramones walikwenda kasi kwa kurahisisha kila kitu. Bad Brains wanakwenda kasi zaidi na bado wanakata kona: dramu za Earl Hudson zinasimama ghafla, bendi nzima inasimama naye, halafu wote wanaondoka tena kwa pamoja bila kukosea hata nusu mdundo. Mwimbaji wao, H.R., anaimba kama mtu anayehubiri huku anakimbizwa. Nyimbo kadhaa hazifiki dakika mbili. Kisha, bila onyo, inakuja rege halisi, ya taratibu, yenye mwangwi: "Jah Calling", "Leaving Babylon", na karibu na mwisho "I Luv I Jah". Usiziruke. Ziliwekwa ili upumue, na ukiziruka, zile za kasi zitakuchosha kabla hujafika mwisho.

Tatizo lake ni sauti. Rekodi ina ukungu, gitaa na matoazi vinagombania nafasi moja, na kwa sauti ya chini kila kitu kinakuwa uji. Wanaoijaribu kwenye daladala hawaipati. Inahitaji hedifoni zinazofunika sikio na chumba tulivu. Na kwa anayewinda kaseti ya zamani: kanda iliyokaa miaka 40 hupoteza sauti za juu kwanza, na albamu hii haina za kutupa. Nunua kaseti kwa ajili ya rafu. Kwa masikio chukua nakala ya kidijitali.

Mbili zilizokaribia kuingia

The Damned ndio waliotangulia Uingereza. "Damned Damned Damned" ilitoka Februari 1977, albamu ya kwanza ya panki nchini humo, ikirekodiwa na Nick Lowe kwenye studio ndogo ya njia nane. Ni ya furaha kuliko zote, na dramu za Rat Scabies zinafaa kusikilizwa hata na asiyependa panki. Iko nje ya nne kwa sababu haikupi kitu ambacho Ramones na Pistols hawajakupa.

X-Ray Spex, "Germfree Adolescents", Novemba 1978, ilituumiza zaidi kuiacha. Kiongozi wake, Poly Styrene, baba yake alikuwa Msomali. Anaimba kuhusu plastiki, matangazo na maduka makubwa kwa sauti inayopasua kioo, na pembeni yake kuna saksafoni badala ya gitaa la solo. Kama sikio lako limezoea bendi zenye tarumbeta na saksafoni, huenda ukaipenda kuliko zote tulizotaja juu.

Kama lengo lako ni kujifunza gitaa

Chukua Ramones, usijishauri. Unahitaji kordi za kubana za maumbo mawili, lile la E na lile la A, na mkono wa kulia wenye subira. Piki, kile kijipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, iwe na unene kati ya milimita 0.7 na 1. Nyembamba zaidi inapinda na kuchelewa kurudi, nene zaidi inakwama kwenye nyuzi.

Kosa la kila anayeanza ni kupiga chini na juu ili apate kasi. Kasi ataipata, sauti ataikosa. Pigo la chini linaanza na nyuzi nene, pigo la juu linaanza na nyembamba; ukichanganya, kila pigo la pili linatoka jepesi na ule mngurumo unakuwa kama baiskeli yenye tairi lililopinda. Anza midundo 120 kwa dakika, mapigo mawili ya chini kila mdundo. Ukimaliza dakika mbili bila kudanganya, ongeza mitano. Maumivu yakija kwenye kiwiko, umekaza bega. Mkono utoke kwenye kifundo. Maumivu makali simama siku hiyo, usishindane nayo.

The Clash inataka magitaa mawili, kwa hiyo tafuta mwenzako. Pistols utapata kordi zake mapema ila hutapata unene wake, kwa sababu unapiga mara moja kile ambacho Jones alikirekodi mara kadhaa. Bad Brains iache kwanza.

Kabla hujapakua

Angalia urefu. Video za watu binafsi mara nyingine zimeharakishwa kidogo au zimegeuzwa mono. Ramones ikionyesha dakika 26, kuna mtu ameichezea. Ikionyesha saa nzima, ni toleo lenye nyimbo za ziada, na nyongeza za majaribio zitakuchosha kabla hujaipenda albamu.

Zima kiongeza besi cha simu. Kwa Ramones kina madhara ya pekee: besi yote iko kushoto, kwa hiyo sikio la kushoto litazidiwa na utahisi kama spika ya kulia imekufa.

Usichague toleo kwa kigezo cha sauti kubwa. Matoleo mengi yaliyosafishwa upya yamepandishwa sauti, na sikio hudhani kikubwa ndicho kizuri. Shusha lile la kelele hadi yalingane, kisha sikiliza ngoma ndogo ya dramu. Kama haigongi tena, inasukuma tu, toleo hilo limebanwa kupita kiasi.

Bando: kwa ubora wa kilobiti 160 kwa sekunde, Ramones inakula MB 35 hivi, The Clash 42, Pistols 46. Kwa 320, zidisha mara mbili. Kwa rekodi hizi 160 inatosha kabisa kwenye hedifoni za kawaida.

Ukiwa na jioni moja: nyimbo saba za kwanza za Ramones, kisha "Police and Thieves" ya Murvin, kisha The Clash yote. Pistols kesho yake, kwenye spika kubwa, jirani akiwa hayupo.